Fomu Thelathini na Moja na Redio ya Susu

Nianze na upuzi wenyewe, msije mkasema baadaye kwamba niliuficha. Nilijaza fomu thelathini na moja kwa majina ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Nilizijaza nikiwa nimekalia debe, mandazi mkono mmoja, kalamu ya kijani mkono wa pili, na kila nilipobadilisha jina nilibadilisha mwandiko. Mzee Kyalo nilimpa mwandiko wa kutetemeka. Mwalimu Syombua nilimpa herufi za duara zilizopangana kama watoto wa nasari. Musili nilimwandikia kwa mkono wa kushoto, maana niliamua ni mfyatua matofali na hana muda wa kuandika vizuri. Wote kwa pamoja waliapa kwamba wanaishi Kitui na kwamba majaribio ya dijitali kwenye AM hayawasumbui hata kidogo.

Sasa tulieni, nyinyi wadogo wa Grade Seven na Eight mnaopita kwenye kile kibanda cha Makongeni mkidhani redio ni kitu cha makumbusho. Anayewaandikia ni mstaafu. Najua niko kidato cha tatu na ndevu zangu naweza kuwatajia moja moja kwa majina, lakini nimefanya ufundi wa redio kila Jumamosi na kila likizo kwa miaka miwili, na mwezi uliopita nilistaafu rasmi. Mama ndiye aliyenistaafisha. Aliweka ripoti yangu ya shule mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa hesabu, akaniambia nianze kutengeneza hiyo. Mstaafu ana haki ya kuwachosha vijana, kwa hivyo mtavumilia.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Fundi Wafula, mtu wa Bungoma mwenye kibanda cha mabati karibu na geti la mtaa. Ana kifua kipana, sauti ndogo, na miwani aliyoifunga kwa waya wa spika. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokuwa inakwaruza, akaniambia niifungue. Niliifungua. Ndani mlikuwa na familia ya mende, wazazi na watoto, na nafikiri hata jamaa waliokuja kuwatembelea. Nilirusha redio juu, nikapiga mayowe, nikakimbia hadi kwa kinyozi wa jirani. Fundi alinisubiri nirudi. Hakucheka.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Fundi."

"Basi chukua brashi. Hao ndio mafundi wa kwanza wa kila redio. Wewe ni wa pili."

Tangu siku hiyo akaniita Profesa.

Ufundi wa AM una siri chache, na mimi nawapa bure. Mteja anakuja analalamika kwamba redio haishiki, na ameivuta ile antena ndefu ya chuma mpaka inakaribia kutoboa dari. AM haina habari na hiyo antena. Antena yake imo ndani, ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Ukitaka AM ishike vizuri, unaigeuza redio yenyewe, polepole, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulala. Chaja ya simu iwe mbali. Betri zikitoa kutu, sugua vile vyuma vinavyozishika kwa kifutio cha penseli kabla hujalaumu mtu. Halafu kuna vile vikopo vidogo vinne vyenye vichwa vya rangi, chekundu, cha njano, cheupe, cheusi. Hivyo vina mfereji katikati unaokuita kabisa uingize bisibisi uzungushe. Usizungushe. Siku ya pili Fundi Wafula aliniambia hivyo akiwa ameshika sikio langu, na nikamjibu, "Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa.

Kabla sijafika huko, mjue Susu wangu. Susu ni mamake Mama, anaishi Kitui, na kwa kuwa nimerithi jina la babu, huniita mume wangu. Nimezoea. Ana redio ya betri nne yenye kava la ngozi, kuukuu kuliko Mama. Kila Jumamosi saa kumi alasiri kuna kipindi cha salamu kwenye kituo kimoja cha AM, ambacho sitakitaja. Mama hununua kadi ya salamu, anaandika, anaipeleka, na mtangazaji anaisoma: salamu zimwendee Susu Kalondu wa Kitui, kutoka kwa bintiye Mama Mutua wa Makongeni, akizipata awasalimie watu watatu. Mama anasikia akiwa kwenye kibanda chake cha nguo za watoto Gikomba. Susu anasikia akiwa uani kwake, na majirani wamekuja na viti vyao.

Najua mnachotaka kuuliza, kwa nini asipigiwe simu. Susu ana simu. Anaiweka ndani ya kibuyu, imezimwa, isije ikaisha. Niliwahi kumuuliza hilo swali lenu, akanitazama kama mume aliyemkatisha tamaa. "Simu inanisalimia mimi peke yangu," alisema. "Redio inanisalimia mbele ya watu."

Basi Aprili kituo kikaanza majaribio. Dada mmoja aliyeitwa Akinyi, mfanyakazi wa kituo, alizunguka kwa mafundi wa mtaa na redio za dijitali, moja kwa kila kibanda, tusikilize na kuandika. Majaribio yalikuwa saa za mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye masafa yaleyale ya AM. Alituachia na rundo la fomu za kuwauliza wasikilizaji. Kisha akasema neno ambalo halikupaswa kusemwa mbele yangu, kwamba kibanda kitakacholeta fomu nyingi zaidi kitaachiwa redio moja kwa moja.

Jamani, ile redio. Mimi nilikuwa nimeizoea AM yenye mikwaruzo, mtangazaji anayeongea kama amefunikwa blanketi. Niliiwasha ya dijitali, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, na mtangazaji akavuta pumzi. Niliisikia pumzi yake! Nilisikia akigeuza karatasi. Kwenye kioo kidogo kukapita jina la wimbo, halafu hali ya hewa, kwa maandishi. Dada Akinyi alieleza kwamba masafa yaleyale yanaweza kubeba vipindi viwili kwa wakati mmoja, na kwamba mtambo unakula umeme kidogo kuliko zamani. Nilimuuliza Fundi kama si maajabu.

"Ni maajabu," alisema. Alikuwa mkweli, hata yeye alivaa vya masikioni akasahau kula. "Lakini ngoja Otieno awashe mashine."

Otieno anachomelea milango mita chache kutoka kwetu. Alipowasha mashine, redio ilinyamaza. Haikukwaruza wala kufifia, ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli. AM ya kawaida ingelia, ingekohoa, lakini neno moja moja ungeokota. Dijitali inakupa yote au inakunyima yote. Na tena inachelewa. Kulikuwa na mechi mchana mmoja, kituo kikiirusha kwa dijitali, na kinyozi akiisikiliza kwenye FM ya watu wengine. Kinyozi aliruka akipiga kelele za bao, mteja wake akakimbia na nusu ya kichwa, na redio yangu bado ilikuwa inapigiana pasi katikati ya uwanja. Inapika sauti kwanza ndipo ikupakulie.

Haya yote niliyaona. Sikujali, maana niliitaka.

Fundi akapata safari ya Bungoma, kumalizia nyumba ya mamake, miezi miwili. Aliniachia ufunguo, redio na fomu.

"Uliza watu, Profesa. Hasa wa ushago, huko vijijini, wenye redio za zamani. Wao ndio wataumia kama kuna kuumia. Uandike wanachosema, si unachotaka."

"Sawa, Fundi."

Niliuliza watu tisa. Sita walilalamika, na kwa kuwa walilalamika kirefu, sikuwasikiliza vizuri. Kisha nikahesabu siku zilizobaki, nikaona uvivu wangu na tamaa yangu vimekaa upande mmoja, nikanunua mandazi. Hapo ndipo wale wananchi thelathini na mmoja wa Kitui walipozaliwa. Dada Akinyi alichukua fomu, na baada ya wiki habari ikaja kwamba kwa kuwa hakuna usumbufu upande wa mashariki, majaribio yataongezwa hadi Jumamosi alasiri. Nilishangilia. Redio ikawa yetu.

Hata sikuifanyia uchoyo. Kila Jumamosi niliipeleka Gikomba nikamwekea Mama kibandani, naye akasikia kadi yake ikisomwa safi kabisa, katikati ya mikokoteni na watu wanaogombania sweta. "Mutua, hii redio ni kama mtu yuko hapa!" aliniambia. Alikuwa na furaha, nami nikatembea kama mtu aliyeivumbua. Kibandani kwa Fundi, Jumamosi ni mpira wa FM, kwa hivyo masikio yangu hayakuwahi kusikia jinsi ile dijitali inavyosikika kwenye redio ya zamani. Mwezi mzima, fundi mimi, sikuwahi kujaribu.

Alhamisi moja nilitoka shule nikakuta mtu ameketi mlangoni petu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, na miguuni kuna kuku amefungwa kamba. Alikuwa Susu. Mama alipofika kutoka kazini aliangusha mfuko.

"Mama! Umekuja na nani? Kuna nini nyumbani?"

Susu alisimama, akamshika Mama mikono, akaiminya hadi kwenye mabega, akamgeuza mgongo, akamgeuza tena.

"Uko hai," alisema.

"Mbona nisiwe hai?"

"Jumamosi nne. Hakuna salamu. Majirani walikuwa wanaleta viti, sasa wanapita na kuniangalia hivi." Alionyesha hivi. "Nikasema mtoto wangu amekufa na redio inanificha."

Alifungua leso akatoa ile redio. Siku nyingine zote inaongea vizuri, alisema, isipokuwa mchana kidogo. Lakini Jumamosi saa kumi inakasirika. Amebadilisha betri. Ameanika betri juani. Ameichapa kofi. Halafu akanikabidhi mimi. "Mume wangu ni fundi. Ataitengeneza."

Mngekuwa nyinyi mngeshtuka hapo, sivyo? Redio inayokasirika siku moja na saa moja tu. Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeachiwa ufunguo.

Jumamosi Mama alienda Gikomba na dijitali yake, mimi nikaenda kibandani na Susu, akaketi kwenye benchi na kuku wake, ambaye alikataa kubaki nyumbani. Saa kumi ikafika. Redio ya Susu ikaunguruma kama samaki mia wanaokaangwa kwenye mafuta mamoja. Niligeuza kulia, kushoto, hakuna. Nilisugua betri. Hakuna. Nikafungua kifuniko, na wale wanne wakanitazama, chekundu, cha njano, cheupe, cheusi. Nikachukua bisibisi ya chuma.

Nilizungusha cha njano, mngurumo ukapungua. Nikapata moyo. Nikazungusha cheupe, ukapungua zaidi. Nikazungusha cheusi. Nilipofika kwenye chekundu nilisikia kitu kidogo kikifanya tik, na redio ikawa kimya kabisa.

"Imepona, Susu!"

"Mbona haisemi?"

"Inapumzika."

Saa kumi na mbili, majaribio yalipoisha na kila AM ya mtaa ikarudi kuongea, ile ya Susu haikutoa hata pumzi. Susu aliiweka sikioni, akaitikisa, akaishusha mapajani.

"Mume wangu," alisema, "kwanza ilikuwa imekasirika. Sasa imekufa."

Jioni Mama alirudi akicheka. "Mama, umesikia kadi yangu ya leo? Imesomwa vizuri hata mwenzangu wa viatu ameisikia."

Susu alimtazama. "Imesomwa?"

"Leo, na Jumamosi zote. Sijaruka hata moja."

"Imesomewa nani?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Hapo ndipo ile bisibisi ya akili ilipozunguka na kugusa mahali. Mzee Kyalo, Mwalimu Syombua, Musili wa matofali, wote walinisimamia kichwani wakisema hakuna usumbufu. Nilikunywa chai yote kwa mara moja, ikaniunguza, nikasema nina kazi ya shule. Sikusema kweli usiku huo, wala Jumapili. Mjue kwamba fundi wenu alikuwa mwoga.

Fundi Wafula alirudi Jumatatu. Aliifungua redio ya Susu, akainusa, akaangalia vile vikopo.

"Nani ameingia hapa?"

"Mende?"

"Mende hawana bisibisi." Alivua miwani. "Hii redio haikuwa na ugonjwa, Profesa. Ilikuwa inasikia dijitali. Ya zamani haielewi ile lugha, inanguruma tu. Sasa niambie wewe, ni nani aliyewaambia watu wa kituo kwamba Kitui hawasumbuliwi?"

Nilimwambia. Nilianza na mandazi ili iwe ya kuchekesha, lakini hakucheka, na nilipofika kwa Susu anayepitwa na majirani mimi mwenyewe sikuona pa kuchekea. Alinipeleka nyumbani akasimama mlangoni mpaka nikamwambia Mama yote, mbele ya Susu. Susu alitikisa kichwa, akasema alimkatalia babu mara mbili kabla ya kuolewa na sasa anakumbuka sababu. Mama alikunja nguo. Alikunja na zilizokuwa zimekunjwa.

Kazi ya kurekebisha nilifanya mimi. Chini ya meza ya Fundi kuna sanduku la redio za marehemu, na humo tulipata kikopo chekundu cha aina ileile, maana changu kilikuwa kimepasuka. Nilikilehemu. Kisha akanipa mswaki mkuukuu, akaniambia nichonge mpini wake uwe kama bisibisi. Plastiki haidanganyi koili, ule waya uliozungushwa ndani ya kikopo; chuma kinaidanganya, ukikiondoa kila kitu kinahama. Unatafuta kituo hafifu, unazungusha kiasi cha unywele mmoja, unasikiliza, unarudisha nusu unywele. Alasiri tatu nilikaa hivyo, shingo imekauka, na ya tatu mtu akaongea ndani ya lile kava la ngozi, kwa mbali, kisha karibu. Fundi alidondosha nta ya mshumaa juu ya kila kichwa.

"Ili mpumbavu mwingine asizungushe," alisema, na kutoka kwake hiyo ni sifa.

Dada Akinyi naye aliitwa. Alikuja na bahasha.

"Nilishangaa kidogo," alisema. "Kitui nzima inatumia kalamu moja ya kijani, na watu wote wanakula mandazi wakiandika. Niliwaambia wakubwa, wakasema fomu ni fomu."

Nilimrudishia redio. Mikono yangu haikutaka, lakini nilimrudishia. Akanipa fomu moja tupu. Niliandika kwa jina langu kwamba dijitali ni tamu na nimeipenda kuliko sikukuu. Niliandika juu ya pumzi ya mtangazaji, vipindi viwili, maandishi kwenye kioo. Kisha nikaandika kwamba inanyamaza Otieno akiwasha mashine, inamaliza betri haraka, na hata Eastleigh nimeuliza duka kwa duka redio ya namna hiyo, wakataka kuniuzia chaja. Na kwamba kuna mtu Kitui ambaye aliposikia mngurumo alidhani mtoto wake amekufa, akapanda basi. Mwisho nikaomba kwamba mpaka kila Susu apate redio yake mpya mkononi, Jumamosi saa kumi waachiwe.

Dada Akinyi aliisoma akiwa amesimama. Siku mbili baadaye alipiga simu. Jumamosi imerudi kama zamani.

Ijumaa Susu alirudi nyumbani na redio yake, afike kabla ya saa kumi ya kesho. Kuku alimwacha kwetu, kwa kuwa alikuwa ameanza kutaga chini ya kochi na hakutaka kusumbuliwa. Mama alikuwa bado hajaniongelesha zaidi ya kula na kuoga. Alinisukumia kadi ya salamu mezani, tupu, na kalamu. Ya buluu. Nikaelewa kwamba wiki hii naandika mimi.

Jumamosi hiyo alifunga kibanda mapema, akaketi kochini, redio yetu ya kawaida katikati yetu, inakwaruza vizuri sana. Mtangazaji akafika kwangu. Salamu zimwendee Susu Kalondu wa Kitui, kutoka kwa mumewe Mutua wa Makongeni, fundi anayeomba msamaha kwa Jumamosi zote. Zimwendee Fundi Wafula na mswaki wake. Otieno wa milango. Kinyozi, na yule mteja wa nusu kichwa. Dada mmoja anayejua rangi ya kalamu. Ziwaendee wote waliokuwa wakileta viti kwa Susu, tafadhali warudi navyo. Zimwendee Mzee Kyalo, popote asipokuwepo. Na kuku aliye chini ya kochi.

Wimbo ukaanza. Kabla haujafika kwenye kiitikio, simu ya Mama ikalia, jina la Susu kwenye kioo, yeye ambaye hapigi simu. Susu alizungumza maneno mawili, akakata ili isiishe. Alisema, "Viti vimejaa."

Mama aliweka simu chini. Alizima redio. Alinigeukia, mdomo wake ukihangaika, nami nikajiandaa kwa lolote. Akasema:

"Umesalimia mpaka kuku. Na mimi je?"